Vitambaa Vyeupe vya Mavjuda

Siku ya kwanza kula kwa Mavjuda nilidhani ameibiwa.

Nasema kweli. Nilikuwa bi harusi mpya wa nyumba ya jirani, nimevaa dhahabu yangu yote, nikaingia kwake kuamkia. Nikakuta meza fupi katikati ya chumba, juu yake kitambaa cheupe kilichopigwa pasi mpaka huoni kunyanzi. Birika jeupe. Vibakuli vya chai vyeupe. Bakuli la mtindi, kisahani cha lozi zilizomenywa, mkate mmoja wa tanuri. Basi! Nikatazama mlangoni nikidhani vingine vinakuja. Havikuja.

Mtaani kwetu Margilan, huu mji wa hariri, mgeni akiketi hatakiwi kujua kitambaa cha meza kina rangi gani. Unajaza zabibu kavu, halua, biskuti, jozi, sambusa, tikiti lililokatwa, visahani juu ya visahani mpaka mtu hana pa kuweka kiwiko, halafu unaomba radhi kwamba nyumbani hamna kitu. Mavjuda hakuomba radhi. Alinimiminia chai nusu kibakuli kama heshima inavyotaka, akaketi mbele yangu, akanyamaza. Nami, ambaye sijapata kunyamaza tangu nizaliwe, nikanyamaza pia. Nilisikia njiwa kwenye bati. Niliporudi nikamwambia mama mkwe, "Mama, yule jirani wamemkomba vyombo." Mama mkwe akacheka mpaka akashika ubavu. "Hajaibiwa, Toji. Ndivyo alivyo. Utamzoea."

Nikamzoea kweli. Ukuta wetu ni mmoja, na mume wangu akatoboa mlango mdogo ukutani, maana alichoka kuniona nikizunguka kichochoro kizima kila nikitaka chumvi.

Mavjuda ni mtia rangi kwenye karakana ya hariri. Kutwa nzima amesimama kwenye mvuke, anatumbukiza mafungu ya nyuzi kwenye mapipa, leo jekundu, kesho manjano, keshokutwa kijani cha kuumiza jicho. Ile hariri yetu yenye mistari inayoyeyukiana, mnayoiona wanawake wanapepea nayo harusini, imepita mikononi mwake. Mikono yenyewe ni myekundu mpaka kwenye viwiko na haitakati kwa sabuni yoyote. Siku moja nilimchokoza, nikamwambia, "Shoga, meza yako hii kama wodi. Tandika basi hata kiua kimoja." Akanijibu polepole, kama kawaida yake, "Toji, mimi hata nikifumba macho naona nyekundu. Nikifika nyumbani nataka jicho likae chini."

Nikachukua lozi, nikala.

Hata vile vibakuli vya buluu vyenye picha ya pamba, ambavyo kila nyumba unayoingia huku utavikuta, yeye alivigawa. Alinunua vyeupe vitupu, akashona vitambaa vyeupe, vikubwa vya meza na vidogo vya kufungia mkate. Jioni akirudi ananawa, anatandika, anaweka mtindi, msimu wa forosadi anaweka forosadi nyeupe, na yeye na binti yake Rano wanakula bila redio. Mume alikwisha kufariki siku nyingi. Mtaa ulicheka, kisha ukachoka kucheka. Wanawake walianza kuja mmoja mmoja, yule aliyegombana na mume, yule ambaye wakwe wamemchosha, wanakaa pale, wanakunywa chai, wanaondoka wametulia. Nami nikiwa wa kwanza, nisijifanye.

Sasa nieleze jambo la posa, maana ndilo lililotaka kutuua.

Kwetu posa haijibiwi kwa mdomo. Washenga wanakuja na mkate na vitamutamu vimefungwa kwenye shali, wanaulizia afya za watu wote hadi ng'ombe, kisha wanasema neno lao. Wenye binti wanasema, "Tutazungumza na mtoto." Hiyo inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, na wenye akili wanaelewa. Siku nyumba ikikubali, washenga wanatoka na kitambaa cheupe. Hicho ndicho kishika uchumba chetu. Kikishavuka kizingiti, mambo yamekwisha, kinachobaki ni wazee kuja kumega mkate. Na ole wao watakaokidai tena! Binti ambaye nyeupe yake ilirudishwa atasemwa mpaka awe bibi.

Mavjuda mwenyewe alitolewa hivyo. Alikuwa anasomea ukunga, mwaka wa kwanza, anaupenda kufa. Siku hiyo alikuwa chumba cha ndani anasuka nywele zake, akasikia vigelegele uani, akachungulia amuulize shangazi yake ni sherehe gani. Kumbe baba yake amekwisha kutoa nyeupe. Hakuulizwa hata kwa kope. Mume aliyempata alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini ukunga ukaishia hapo, akaingia kwenye mapipa. Rano alipozaliwa, Mavjuda alimwahidi, na akaendelea kumwahidi hata mtoto alipopata akili za kusikia: "Hapa hakuna atakayekutoa bila mdomo wako." Rano akakua, akaenda chuo Fergana, mji wa jirani, kusomea meno. Akija nyumbani anatushika mataya sisi wote, fungua mdomo, fumba mdomo.

Basi majira ya kuchipua wakaja washenga kutoka kwa waoka mikate. Ukoo mkubwa, tanuri zao zinalisha nusu ya mji. Alikuja Bibi Enahon, bibi yake kijana, mwanamke mrefu mwenye meno ya dhahabu na ulimi wa kumfanya imamu acheke. Na mkwewe Mukaram, mama yake kijana, ambaye akikutazama unaangalia kama viatu vyako vina matope. Mavjuda alinigongea kwenye mlango wa ukutani, "Toji, nisaidie pilau," nikaja mbio.

Bibi Enahon akaketi, akaitazama meza. Akatazama kitambaa, mtindi, lozi, mkate.

"Mwanangu Mavjuda," akasema, "umefunga?"

"Sijafunga, bibi. Karibuni."

"Basi ni sisi unaotaka tufunge."

Nikapiga kelele kutoka jikoni, "Pilau linakuja, bibi, usikate tamaa!" Akacheka. Mukaram hakucheka. Alichota mtindi kwa ncha ya kijiko kana kwamba amewekewa dawa.

Wakala, wakasifu mchele, wakafika kwenye neno lao. Kijana anaitwa Odil, hanywi, havuti, anaamka alfajiri na unga. "Na mke wake," Mukaram akadakia, "hatazunguka kutafuta kazi za watu. Kwetu mkwe hatoki. Tanuri linamtosha."

Hapo nilimwona Mavjuda akikaza kidole kwenye kibakuli chake. Akasema kwa adabu, "Mnatuheshimu sana. Ila mtoto bado anasoma. Meno ya watu ndiyo yamemshughulisha."

"Hata sisi tunayo," Bibi Enahon akasema, akatabasamu na kuyaonyesha yote. "Haya hayataki daktari."

"Tutazungumza naye kwanza, bibi."

Hiyo ilikuwa hapana. Hapana ya kistaarabu, iliyokunjwa vizuri. Nilishusha pumzi, nikaenda nyuma kusugua sufuria. Na hapo ndipo nilipokosea kuondoka, kwa sababu yaliyofuata sikuyaona, nilisimuliwa.

Mukaram aliponyoosha mkono kuchukua shali lao waondoke, kiwiko chake kikagonga bakuli, mtindi ukamwagika juu ya shali. Shali la hariri, jekundu na manjano. Na Mavjuda akaitambua ile nyekundu. Ilikuwa yake, kutoka pipa lake! Mtia rangi hawezi kuona doa akaliacha. Akalichukua shali mikononi mwa wageni, akakimbia nalo uani, akaliloweka kwenye maji baridi. Akarudi. Sasa wageni hawawezi kuondoka mikono mitupu, hilo kwetu ni matusi. Akafungua sanduku, akatoa kitambaa, akaweka mkate, lozi, mabonge ya sukari, akafunga fundo, akampa Bibi Enahon kwa mikono miwili.

Bibi Enahon akakitazama kitambaa. Akamtazama Mavjuda. Macho yakamlengalenga, akamvuta, akambusu kwenye paji la uso. Mavjuda akasema moyoni, kumbe bibi huyu ana upendo namna hii.

Mimi nilikuwa nimetoka kichochoroni kumwaga maji ya sufuria. Nikamwona Bibi Enahon anapita, amekumbatia mzigo kifuani. Mweupe. Nyuma yake Mukaram anapayuka kwenye simu, "Wametoa! Nakwambia wametoa nyeupe, na shali letu wamelichukua!"

Sufuria ilinianguka. Niliingia ndani mbio, viatu na vyote.

"Shoga, umetoa nyeupe?"

"Nimetoa nini?"

"Vitu vyao umevifunga na nini?"

"Na kitambaa."

"Kitambaa cha rangi gani, Mavjuda?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa maji yana rangi gani. "Kwani mimi nina rangi gani nyingine?"

Kisha akajisikia alichosema. Akakaa chini palepale, kwenye sakafu, akaweka mikono yake myekundu mapajani. Nilimpa maji, hakunywa. Nikamwambia nitawakimbilia, lakini gari lao lilikuwa limekwisha kuondoka, na Mukaram na simu yake ile, nusu ya Margilan ilikuwa imekwisha kujua.

Rano aliporudi jioni, tuliona usoni mwake kwamba hakuna cha kumweleza. Muuza mbegu za alizeti kituoni alikuwa amempa mfuko wa bure, "wa bi harusi." Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Mama," akasema, "ulisema hakuna atakayenitoa."

"Nilijisahau, mwanangu. Wallahi, kilikuwa kitambaa tu."

"Babu naye alitoa kitambaa tu."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Mavjuda alibaki anautazama ule mlango. Nimekaa na mwanamke yule miaka na miaka, nimemwona akimzika mume, sikuwahi kumwona na uso ule. Usiku ule meza haikutandikwa.

Asubuhi nilimletea mawazo yangu, na nilikuwa nayo mengi. "Sema mtoto ana ugonjwa." Akatikisa kichwa. "Sema umeota ndoto mbaya." Akatikisa. "Sema amechumbiwa na mtoto wa mjomba, yuko mbali, hamkumbuki jina!" Hapo akakaribia kutabasamu.

"Toji, nikimtungia ugonjwa, atakuwa mgonjwa mtaa mzima. Nikimtungia mchumba, nimemtoa mara ya pili. Nitakwenda niseme nilivyokosea."

"Watakula nyama yako!"

"Wanile mimi, basi. Si yeye."

Akalipiga pasi shali la Bibi Enahon. Doa lilikuwa limetoka lote, hata mimi nikilitafuta sikuliona. Akalikunja, akaliweka kifuani, tukaenda. Rano hakutoka chumbani kutuaga.

Kwa waoka mikate tulikuta uani kumechangamka, wanawake wanakanda unga, mikate mikubwa ya uchumba imepangwa kwenye ubao inasubiri Alhamisi, siku wazee watakapokuja kwetu kuimega. Walipotuona wakapiga vigelegele. Loo, nilitamani ardhi inimeze. Mavjuda akaenda moja kwa moja kwa Bibi Enahon, akampa shali.

"Bibi, nimekuja kurudisha chenu. Na nimekuja kuomba changu. Sikuwapa jibu. Niliwafungia mkate."

Vigelegele vikakatika. Mukaram akawa wa kwanza. "Kapata tajiri huyo! Si mnaona? Kapata tajiri usiku huu huu!"

"Nyamaza, Mukaram," Bibi Enahon akasema. Akamgeukia Mavjuda, na safari hii mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Kwa hiyo unaniambia nimebeba kitambaa cha mezani."

"Ndiyo, bibi."

"Mwanamke mzima wa Margilan, hajui nyeupe ni nini."

"Naijua. Mimi mwenyewe niliolewa nayo. Nilisahau kwa sababu kwangu ni ya kila siku. Sina nyingine."

"Huna nyingine."

"Sina, bibi."

Bibi akafikiri, akilisugua shali kati ya vidole, pale palipokuwa na doa. "Nenda nyumbani," akasema mwishowe. "Nitakuja mwenyewe nifungue hilo sanduku lako. Nisipokuta kitambaa cha rangi, nitakuamini. Nikikuta hata kimoja, kimoja tu, wewe ni mwongo, na Alhamisi naleta wazee na mkate utamegwa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Njiani mimi nilikuwa naruka kwa furaha. "Tumepona, shoga! Nani hajui kwako hakuna hata uzi wa rangi?" Mavjuda alitembea kama mtu anayebeba maji yaliyojaa.

Bibi Enahon alikuja mchana, na Mukaram nyuma yake kama askari. Hakutaka chai. Alikwenda kwenye sanduku, akapiga magoti, akaanza kutoa. Kitambaa cheupe. Kingine. Kingine. Anakikunjua kila kimoja, anakitazama pande zote mbili, anakiweka magotini. Mlango wa Rano ukafunguka kidogo, nikaona jicho lake. Nikamkonyeza, kwamba mambo mazuri.

Kisha mkono wa bibi ukafika chini kabisa, ukasimama. Akavuta. Kikatoka kitambaa chekundu, cha maua makubwa, na kasuku wawili wanapigana midomo.

"Aha!" akasema Mukaram.

Mavjuda akawa mweupe kuliko vitambaa vyake. Hakuwa anakijua. Niliona wazi hakuwa anakijua. Nami kijasho chembamba kikanitoka, maana wale kasuku mimi nilikuwa nawafahamu vizuri sana.

"Hicho ni changu!" nikapiga kelele. "Bibi, hicho ni changu! Nilimletea matunda mwaka ule mvua ya mawe ilipiga, nikafunga na hicho. Hakukirudisha!"

"Jirani mwema," Mukaram akasema. "Kila mtu angependa kuwa na jirani wa kumwapia."

"Siapi! Hakunirudishia hicho kwa sababu alinirudishia chake! Ngojeni hapo. Usiondoke, bibi. Usiguse kitu!"

Nikapita mlango wa ukutani mbio. Nikafungua kabati langu, nikavuta kila kitambaa cheupe kilichokuja kwangu na mkate wa Mavjuda, na lozi za Mavjuda, na yai la kuku wake aliyetaga mara ya kwanza. Nilikuwa sijavirudisha, mimi si mrudishaji, kila mtu ananijua. Rundo lilinifika kidevuni. Nilipotoka nalo, mke wa fundi viatu alikuwa ukutani anachungulia, bila shaka amesikia kila kitu. "Toji, ni vile vya Mavjuda? Hata kwangu vipo!" "Lete!" nikamwambia. Naye akamwita wa kona, wa kona akamwita aliyevuka mfereji, na kabla sijamwaga rundo langu mbele ya bibi, kichochoro kizima kilikuwa kinaingia uani, kila mwanamke na vitambaa vyake mkononi. Vilivyopigwa pasi, vilivyochakaa, kimoja kimekatwa kuwa cha kuchujia jibini, mwenyewe ameona haya lakini amekileta.

"Hiki alinifungia mkate nilipojifungua."

"Hiki alikuja nacho msibani."

"Hiki," akasema mke wa fundi viatu, "si chetu, alipewa yule wa kusoma mita ya gesi, akakisahau kwetu."

Nikasimama mbele ya Bibi Enahon, natweta. "Sasa bibi, kama hii ndiyo posa, basi wanangu wote wamekwisha kumwoa Rano. Na mume wangu kamwoa. Na mtu wa gesi naye kamwoa!"

Bibi Enahon alikuwa amepiga magoti katikati ya rundo lile, kasuku mkononi. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe ni kicheko, kinatoka chini kabisa, kikamshinda, akashika ukingo wa sanduku, machozi yakamtiririka. "Mtu wa gesi!" akasema. "Jamani, mtu wa gesi!" Wanawake wote wakaangua. Hata Mukaram alikaza mdomo kwa shida.

Alipotulia, alijifuta macho, akanyanyuka kwa kumshika Mavjuda mkono. Akachukua kutoka kwapani kitambaa kile, kile chenyewe alichofungiwa mkate jana. Hakumpa hapo. Alitembea mpaka lango la nje, akalifungua wazi, akasimama kwenye kizingiti ambapo kichochoro kizima na waliokuwa wakipita barabarani wangemsikia, akapaza sauti:

"Mavjuda! Kitambaa chako cha mkate hiki hapa! Nimekileta, na asante kwa lozi. Watu wasije wakaniita mwizi wa vitambaa!"

Mnaelewa alichofanya bibi yule? Hakurudisha nyeupe. Alirudisha chombo cha jirani. Hakuna aliyevunja ahadi, hakuna binti wa kusemwa. Mavjuda alikipokea kwa mikono miwili, akabusu bega la bibi.

"Haya," Bibi Enahon akasema. "Sasa nipe chai. Na ule mtindi wako wa mfungo."

Mavjuda akatandika. Wanawake wakatawanyika, Mukaram akasema ana unga unaomsubiri, akaondoka bila kuaga, na mpaka forosadi zinaiva hakujibu salamu zetu. Ni haki yake. Mikate yote ile ilibidi wailishe jamaa wiki nzima. Tukabaki watatu mezani, na kitambaa, na birika, na njiwa kwenye bati. Bibi alikunywa kibakuli, akaomba kingine. Akasema kwamba kwake hajaona kitambaa cha meza yake tangu aolewe, na kwamba hakujua magoti yake yanauma hivi mpaka alipokaa kimya.

Rano akatoka kumimina chai. Macho yamevimba.

"Ni wewe wa meno?" bibi akamuuliza.

"Ni mimi, bibi."

"Hebu nitazame huku nyuma. Kuna kitu kinanichoma tangu Ramadhani."

Rano akawasha taa ya simu, akamshika taya, fungua mdomo, bibi. Akainama, akatazama kwa muda. "Bibi, chini ya hii dhahabu kumeoza."

Bibi Enahon akafumba mdomo. Akatutazama mmoja mmoja, asithubutu yeyote kucheka. "Basi soma upesi," akamwambia. "Nitakungoja na jino langu."

Alipoondoka, Mavjuda alimfungia mkate. Kwenye kasuku. Nilisema sitaki kukiona tena kitambaa kile, kiende kwa waoka mikate kikaishi na unga.

Tukarudi ndani. Mavjuda alikuwa bado ameshika kile cheupe. Hakukirudisha sandukuni. Alimwendea binti yake, akakiweka mikononi mwake, akaikunja mikono ya Rano juu yake kwa mikono yake ile myekundu.

"Hiki ni chako," akasema. "Kitakaa kwako. Mimi sina tena neno juu yake. Siku ukitaka kitoke mlangoni, utakitoa wewe. Usipotaka, kisitoke."

Rano akakinusa. Kilikuwa kinanukia tanuri la watu. Nilidhani atalia, nilidhani atakificha chumbani. Akakikung'uta makombo, akakitandaza juu ya meza palepale, juu ya kile kingine, akapitisha kiganja kukinyoosha. Akaweka bakuli la mtindi katikati.

"Mama, kaa," akasema. "Hujala tangu jana."

Mavjuda akakaa, akala. Mkate mzima, na mtindi, na lozi zote, na mimi nikaenda jikoni kupasha pilau lililobaki, maana alikuwa bado ana njaa.